Risasi Kumi na Moja Zilizobaki

Hii nimeipata kwa shemeji yangu, naye aliipata kwa mtu wa kazini kwake, na huyo wa kazini sijui aliitoa wapi. Nimeisoma mara mbili nikakosa hamu ya chai. Tafadhali isomeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kutuma dole gumba. Ukimaliza, mpelekee mkubwa wako wa kazi. Kama mkubwa ni wewe, isome tena ukiwa peke yako.

Palikuwa na nchi iitwayo Ulimbwa, yenye bonde kubwa la mpunga na msitu mnene nyuma yake. Kila mara mpunga ulipoanza kuchanua, nyati walishuka kutoka msituni kuja kula. Kundi dogo tu la nyati lingeweza kumaliza chakula cha nyumba tatu asubuhi moja, na mtu aliyejaribu kuwafukuza kwa kelele na kugonga madebe mara nyingi alirudishwa kwao amebebwa.

Kwa hiyo Mtemi wa Ulimbwa aliweka walinzi saba, kila mmoja na bunduki yake ndefu. Mlinzi hakuwa na mshahara. Alipewa shamba la ulinzi, ekari mbili za bondeni, pale penye udongo mzuri kuliko kwingine kote. Desturi yao ilikuwa hivi: mlinzi akifa kazini, mjane na watoto wanabaki na shamba lao. Lakini mlinzi akifa kwa uzembe wake mwenyewe, shamba linarudi kwa Mtemi na mjane anafungasha. Shikeni hapo, msije mkaniuliza baadaye.

Risasi mpya zilikuwa hazifiki Ulimbwa. Walinzi waliokota maganda ya shaba baada ya kupiga, wakampelekea Fundi Luhende, naye akayajaza upya kwa mkono: fataki mpya, ile inayowasha baruti, kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, risasi mdomoni. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo, na hakuna mlinzi aliyepoteza hata ukucha.

Luhende alikuwa mtu wa kuchosha. Ulimpelekea maganda leo, ukayapata wiki ijayo. Alikuwa na makopo mawili ya baruti. Moja lilikuwa la bunduki ndefu za nyati, jingine la bunduki fupi za marisau, yaani risasi za punje, ambazo watu walipigia kanga na nyani. Kwa macho baruti zile zilifanana, chembe nyeusi ndogo ndogo, huwezi kujua ipi ni ipi. Ndiyo maana Luhende hakuweka makopo yote mawili mezani kwa wakati mmoja hata siku moja. Akimaliza na hili, analirudisha kabatini na kufuta meza, ndipo anatoa lile. Na kama kuna baruti kidogo iliyobaki kwenye kipimo, na hana hakika imetoka kopo lipi, alitoka nje akaimwaga mchangani na kuimiminia maji.

Watu walimcheka sana kwa hilo. Walimwuliza mkewe kama na nyumbani pia mboga ikibaki inamwagwa.

Mwaka mmoja baruti ikawa adimu. Asubuhi moja Mtemi Kapela alipita karakana na wazee wake, akamkuta Luhende yuko nje ameinama na kipimo mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Namwaga mabaki, Mtemi."

"Mabaki ya nini?"

"Ya baruti. Jana nilijaza za marisau, leo najaza za bunduki ndefu. Hii niliikuta kwenye kipimo, na sina hakika nayo."

Mtemi akachota chembe kidogo, akazisugua kiganjani. Akawaonyesha wazee. "Hii si baruti?"

"Ni baruti, Mtemi, lakini si moja. Ya bunduki ndefu inaungua taratibu. Moshi wake unaisukuma risasi, risasi inapata nafasi ya kutoka mtutuni. Ya marisau inawaka yote kwa mara moja. Ukiitia kwenye bunduki ndefu, risasi haijaanza hata kusogea, moshi umeshajaa na hauna pa kwenda. Unatafuta njia ya nyuma. Na nyuma ndipo ulipo uso wa mtu."

"Na hiki kidogo hivi ndicho kitapasua bunduki?"

"Sijui, Mtemi. Ndiyo maana naimwaga."

Wazee wakacheka. Mtemi hakucheka. Alikuwa ametoka kuona mpunga wa watu umelazwa na nyati, na hapa kuna mtu anamwagia maji baruti. "Kuanzia leo utaweka kopo la tatu," akasema. "Kila kinachobaki kiingie humo. Kopo likijaa, litumike. Nchi hii haina cha kumwaga."

Luhende akafungua mdomo. Mtemi alikuwa ameshageuka, na wazee walikuwa wanamtazama fundi waone atasema nini. Akaufunga. Kisha akasema, "Sawa, Mtemi."

Hapo ndipo ninapomkasirikia Luhende, na sioni nitakapoacha. Miaka kumi na tisa unajua jambo, halafu unasema sawa. Ila nikikaa nikatulia nakumbuka kwamba na mimi nimeshasema sawa mara nyingi, tena kwa watu wasio na utemi wowote, wana kiti cha kuzunguka tu. Basi tuendelee.

Kopo la tatu likajaa, likaanza kutumika. Walinzi wakafurahi kweli. Walisema Fundi hatimaye ameacha ubahili, bunduki sasa zinanguruma kama inavyotakiwa. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Shigela, mlinzi wa bonde la chini, mtu mpole mwenye watoto watatu. Alirudi nyumbani bega limevilia damu, akamwonyesha mkewe Kalunde kama mtu anayeonyesha zawadi.

"Siku hizi bunduki yangu ina hasira," akamwambia.

"Hasira na nani?"

"Na nyati, mke wangu. Na nani tena?"

Jambo moja tu lilimsumbua. Mara nyingine akishapiga, komeo la bunduki, chuma kinachofunga nyuma ya ganda, liligoma kufunguka, ikabidi aligonge kwa kipande cha mti ndipo ganda litoke. Akadhani bunduki imezeeka. Akaipaka mafuta zaidi.

Maganda hayo aliyarudisha kwa Luhende kama kawaida, na Luhende aliyaona. Kwenye kitako cha ganda, fataki ilikuwa imelala bapa, kama iliyopigwa nyundo. Mengine yalikuwa na ufa mwembamba shingoni. Fundi aliyekaa kazini miaka kumi na tisa hakuhitaji kuambiwa kwamba nguvu ya baruti imezidi. Alikaa na maganda yale mezani asubuhi nzima. Mwisho akajiambia labda ni uchakavu tu, akatupa matatu yaliyozidi ubaya, akajaza yaliyobaki.

Siku ya tatu baada ya hapo, alfajiri, nyati walishuka bonde la chini. Shigela akachukua bunduki na boksi la risasi kumi na mbili alizojaziwa, akavuka kijito, akapiga goti kwenye tuta la mpunga, akalenga.

Waliokuwa karibu walisema mlio haukuwa wa bunduki. Ulikuwa mfupi, kama kitu kizito kilichovunjika. Nyati waliondoka wazima. Shigela alikaa kwenye maji ya mpunga mikono iko usoni. Komeo la bunduki lilikuwa limetoka kwa nyuma.

Aliishi siku mbili. Kalunde ndiye aliyemwosha uso, wakati wa uhai wake na baada ya hapo, na hakumruhusu mtu mwingine kuingia. Watoto aliwaambia baba amefungwa kitambaa kwa sababu mwanga unamwumiza.

Baada ya mazishi Mtemi aliita baraza. Bunduki iliyopasuka ililetwa, ikawekwa chini kwenye mkeka, pamoja na boksi la risasi. Zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Nkwabi, mkuu wa walinzi, ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa kweli, sitaki mumchukie. Alisema, "Mtutu ukiziba kwa tope, bunduki hupasuka. Kila mlinzi anafundishwa hilo siku ya kwanza. Shigela alivuka kijito. Na mtutu huu mnauona umejaa tope."

"Ulijaa kabla ya kupiga au baada ya kuanguka mpungani?" mzee mmoja akauliza.

"Hilo siwezi kujua."

Lakini Mtemi alikuwa ameshapata alichokitaka. "Basi ni tope," akasema. "Mtu amevuka maji bila kuangalia mtutu wake. Huo ni uzembe."

Neno lile lilipotoka, watu wote waligeuka kumtazama Kalunde. Walijua lina maana gani kwa yule mama na watoto wake. Shamba lilikuwa na mpunga wa kiunoni, wiki nne hivi kabla ya kuvunwa.

Kalunde akasimama. "Mtemi, mume wangu alikuwa anaziba mtutu kwa kitambaa kila akivuka maji. Akifika ng'ambo anakitoa. Vitambaa hivyo nilikuwa namchania mimi, kutoka kwenye kanga zangu."

"Kitambaa cha siku hiyo kiko wapi?"

"Kilikuwa mfukoni mwake. Nimekifua."

"Kwa nini umekifua, kama ni ushahidi?"

"Kilikuwa na damu, Mtemi. Sikuwaza ushahidi."

Mtemi akatikisa kichwa polepole, akaonekana ana huruma kabisa. Akasema maneno ya mke aliyefiwa hayawezi kupimwa, na desturi ni desturi. Akainua mkono ili afunge baraza.

Luhende alikuwa amekaa pembeni kabisa. Hakuna aliyemtaja. Angekaa vilevile mpaka mkono ule ushuke, angerudi karakana kwake na jina lake safi, na aliyekufa asingemjibu. Akasimama.

"Si tope," akasema.

Akaeleza yote. Kopo la tatu, maganda yaliyolala bapa, asubuhi aliyokaa akiyatazama. Alisema baruti ya mabaki ni kama chumvi isiyokorogwa kwenye mboga: tonge moja halina kitu, tonge jingine ni chumvi tupu. Risasi moja imepata ya taratibu nyingi, nyingine imepata ya haraka nyingi, na kwa nje zote zinafanana.

Mtemi akauliza kwa sauti ya chini, "Unasema mimi nimemuua Shigela?"

"Nasema ulitoa amri bila kujua, Mtemi, na mimi nikaitii nikiwa najua. Kama kuna mtu wa kuadhibiwa, niadhibuni mimi. Ila msimwite Shigela mzembe."

Mtemi mwingine angeishia hapo. Angesema nimekosea, mama abaki na shamba lake, tumlilie mwenzetu. Lakini mbele ya watu wote vile, Mtemi Kapela aliona hana pa kurudi.

"Hizi ni risasi kumi na moja," akasema, "za kopo lile lile. Tutazipiga zote. Ikipasuka hata moja, nakubali, na shamba ni la mjane. Zikipita zote, ilikuwa tope. Shamba litarudi, na wewe Luhende utaondoka Ulimbwa na nguo ulizovaa."

Asubuhi iliyofuata walichukua bunduki ya Nkwabi, iliyokuwa sawasawa na ya Shigela, wakaifunga kwenye gogo kubwa ikielekea kichuguu. Wakafunga kamba kwenye kifyatulio, wakaipeleka mpaka nyuma ya ukuta wa udongo. Nkwabi akashika kamba. Nchi nzima ilikuja. Kalunde alisimama mbele na mtoto wake mdogo mgongoni.

Ya kwanza ikalia. Wanawake waliziba masikio. Nkwabi akaenda, akaitazama bunduki, akarudi. "Nzima."

Ya pili, nzima. Ya tatu, nzima.

Fikirieni yule mama amesimama pale. Anaomba bunduki ipasuke, na kila ikilia salama anaona shamba linaondoka kipande kipande. Na anajua kupasuka ni nini kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani.

Ya nne ilipolia, komeo likagoma. Nkwabi akalipiga teke la kisigino mara mbili ndipo likafunguka.

"Mnaona?" Luhende akasema. "Hiyo ni dalili. Ganda limevimba ndani likang'ang'ania."

"Imepasuka?" Mtemi akauliza.

"Haijapasuka."

"Basi endeleeni."

Ya tano, ya sita, ya saba. Watu wakaacha kuziba masikio. Ya nane, wengine wakaanza kupiga soga. Ya tisa ilipopita, kijana mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Gogo linajua kupiga kuliko Shigela," na watu wakaangua kicheko. Najua wapo watakaosema hawakucheka. Walicheka.

Mtemi naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Akainuka kwenye kiti chake. "Fungueni kamba," akasema. "Mbili zilizobaki nitazipiga mwenyewe. Sitaki kesho isemwe Mtemi alijificha nyuma ya gogo."

Nkwabi akasita, lakini alikuwa mlinzi, na walinzi wanatii. Akaifungua bunduki, akaifuta, akamkabidhi.

Luhende akatoka kwenye umati akaja akasimama mbele yake. Sasa sikilizeni. Mtu huyu alikuwa amebakiwa na risasi mbili tu kabla ya kufukuzwa nchini. Kitu pekee ambacho kingemwokoa ni kupasuka kwa bunduki ile. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa anakujua.

"Mtemi, usiishike."

"Zimepita tisa."

"Zimepita zile tisa. Hizi ni nyingine."

"Ningekuwa na mia moja ungeniambia hivyo hivyo mpaka ya mwisho."

"Ndiyo, Mtemi. Mpaka ya mwisho."

Watu wakacheka tena. Mtemi akamsogeza kwa kiwiko, akatia risasi ya kumi.

Ndipo Kalunde akapita katikati ya watu. Alimshusha mtoto mgongoni, akampa mwanamke aliyekuwa karibu, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shamba chukua, Mtemi."

Watu wakasogea wamsikie.

"Nasema lichukue. Ilikuwa tope. Wewe sema ilikuwa tope, mimi nitafungasha leo leo na watoto wangu, sitasema neno. Ila bunduki hiyo irudishe kwenye gogo. Uso wa Shigela niliuosha mimi. Sitaki kuona mwingine, hata wako."

Mtemi alimtazama kwa muda. Wale waliokuwa karibu walisema mtutu ulishuka kidogo, wakadhani ameelewa. Kisha akainua kichwa, akawageukia watu.

"Mmesikia wote," akasema. "Amekiri mwenyewe kuwa ilikuwa tope."

Akaiweka bunduki begani, akapiga.

Nimejaribu kuiandika sehemu hii kwa namna mbalimbali nimeshindwa, kwa hiyo nitasema kilichotokea tu. Ulitoka ule mlio mfupi. Kitako cha bunduki kilipasuka, komeo likarudi nyuma. Jicho la kulia la Mtemi lilikwenda siku ile, pamoja na vidole vitatu na sehemu ya shavu. Wake zake walikimbia wakipiga mayowe. Wazee walisimama kama walioshikwa na ardhi. Aliyemwekea kichwa mapajani, akamziba damu kwa kanga yake na kuwaambia watu walete maji, alikuwa Kalunde. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda kitu. Alikuwa analia, na alikuwa anafanya kazi aliyoifanya wiki moja tu nyuma.

Mtemi hakufa. Siku ya tano alipoweza kusema, alimwita Luhende. Watu walijua ameitiwa kifo, na mkewe alimfungia nguo kwenye mfuko bila kuulizwa.

Luhende akaingia, akakaa chini karibu na kitanda. Mtemi alikuwa amefungwa nusu ya uso.

"Ulijua ni ya kumi?"

"Sikujua, Mtemi. Ningejua ni ipi, ningekuambia hiyo moja tu, nyingine ukapiga."

"Na ile ya kumi na moja? Ni nzima au mbovu?"

"Sijui. Hakuna mtu duniani anayejua. Nimeizamisha kinamasini pamoja na kopo lenyewe."

"Siku ile pale karakana, kwa nini hukunikatalia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe, na wazee waliokuwa wanacheka."

"Na juzijuzi uwanjani, mbele ya nchi nzima, hukuniogopa?"

"Nilikuogopa vilevile, Mtemi," akasema. "Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa nimeshamzika mtu."

Mtemi akageuza upande wa uso uliobaki ukutani. Baadaye akaagiza Kalunde aambiwe shamba ni lake na la watoto wake, na kwamba itangazwe barazani kuwa Shigela hakuwa mzembe. Mjumbe alimkuta Kalunde bondeni anafukuza ndege kwenye mpunga. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna kingine, akaambiwa hakuna. Akaendelea kufukuza ndege.

Funzo: Jambo la hatari likipita salama mara tisa, bado halijakuhakikishia la kumi, na wewe unayeujua ubaya wake, sema siku amri inapotolewa, maana ukisema baada ya mazishi utakuwa umesema kweli tu, hutakuwa umemwokoa mtu.